Mashine haiijui mpeta mpaka tukubaliane sisi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlosimama huko mlangoni, sogeeni bwana, nafasi ipo huku mbele.

Mkononi hapa nna karafuu mbili. Hii moja nzuri, kahawia ya kuiva, kichwa chake kipo, ukiibana kwa ukucha inatoa mafuta. Ya pili hii ni mpeta, imepauka, imekunjamana, kama iliyorushiwa unga, mana ilirundikwa ikavunda kabla haijakauka. Mama yangu ukimpa hizi mbili wala haachi mazungumzo yake, mkono unaitupa ile mbovu wenyewe na yeye anaendelea kukuuliza khabari za watoto. Nlilokuja kulisema leo ni vipi tunaiseti kamera na kompyuta ifanye kile anachokifanya mama, kwa sababu mimi na wenzangu tumehangaika na jambo hili msimu mzima na nnataka nyinyi msianze pale tulipoanza sisi.

Sote hapa tunajua karafuu inauzwa kwa daraja. Mkulima kachuma, kachambua makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, kaanika siku nne siku tano, wingu likitanda anakunja jamvi anakimbilia ndani, jua likitoka anatandika tena, halafu anafika kituoni gunia linaambiwa daraja la pili na hajui ni nini khasa ndani ya gunia kilomwangusha. Ni mpeta? Ni vichwa vilivyokatika? Ni makonyo yalobaki? Ni zile zilizoachwa mtini zikapitiliza zikawa tunda? Hata viwango vya kimataifa, kile cha ISO 2254 cha karafuu nzima, vinazitaja kasoro hizi hizi moja moja, karafuu zisizo na kichwa, zilizopitiliza, zilizovunda, na takataka, kila moja na kiwango chake kinachovumiliwa. Kwa hiyo mashine tunayoizungumzia inakaa nyumbani kwa mkulima, kabla hajafunga gunia, imwambie hapa umevundisha, hapa makonyo mengi, rudia kuchambua. Haipangi bei na haikai kwenye kiti cha mtu wa Shirika, lile linalonunua karafuu, nnalisema mapema mana khofu hiyo nimeisikia.

Sasa macho ya mashine yanafanyaje. Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza unaionesha modeli, yaani ile programu inayojifunza kwa mifano, picha za karafuu nzuri na picha za mbovu, kila moja umeiandikia jina lake, inajifunza tofauti. Ya pili unaionesha nzuri tu, nzuri nyingi, mpaka iizoee, halafu kitu chochote kisichofanana na ilichozoea kinapewa alama ya juu. Hii ya pili ndo iliyonivutia, kwa sababu jamvi likiwa zuri mbovu ni chache, na ubovu wenyewe una sura mia, leo ukungu, kesho kijiwe, keshokutwa kipande cha plastiki cha gunia, huwezi kuzipiga picha zote. Mwaka 2019 kampuni ya Ujerumani inaitwa MVTec ilitoa seti ya picha za kujaribia kazi hii, vitu aina 15, skrubu, zipu, vidonge, ngozi, na mojawapo ni njugu za hazelnut, na picha za kufundishia 3,629 zote ni za vitu vizuri, mbovu zinakuja kwenye mtihani tu. Halafu 2021 ikatoka njia inaitwa PatchCore, nzuri sana kuielewa hata kama hujasoma hesabu: picha inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinageuzwa namba, vipande vya vitu vizuri vinawekwa kama kumbukumbu. Ikija picha mpya kila kipande chake kinatafuta jirani yake wa karibu kwenye kumbukumbu ile, akikosa jirani alama inapanda. Basi. Kwenye seti ile ya MVTec PatchCore ilipata zaidi ya asilimia 99 ya kipimo wanachotumia, na vijana wengi wakiona namba hiyo wanapakua programu wanaanza usiku ule ule, na mimi nlikuwa hivyo.

Lakini hebu itazame picha ya ile hazelnut. Ni njugu moja, katikati, taa ile ile, umbali ule ule, mara mia kadhaa. Jamvi letu liko vipi? Karafuu zimepandana, jua linatembea, kuku kapita, kivuli cha mnazi kimefika. Modeli yoyote ukiipa hiyo itakwambia kila kitu ni cha ajabu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni taa, na hapa nataka nikae kidogo mana watu wanaipita mbio. Tulitengeneza boksi la mbao, ndani limepakwa rangi nyeupe isiyong'aa, taa za LED zimezunguka juu, na mbele ya taa tumeweka karatasi ya kuchujia mwanga ili usipige moja kwa moja. Kwa nini? Karafuu nzuri ina mafuta, mwanga mkali ukiipiga inatoa doa jeupe la kung'aa, na doa jeupe ndo sura ya ukungu, kwa kamera ni kitu kimoja. Karatasi ile peke yake ilituokolea karafuu nzuri nyingi kuliko kubadilisha modeli mara tatu. Chini tunatandaza kwenye sinia la rangi ya buluu iliyofifia, mana karafuu ni kahawia, buluu inaziachia mipaka yake, na ukitumia nyeupe kamera inadhani picha nzima ina mwanga mwingi inazitia giza karafuu zenyewe. Sinia la plastiki la kung'aa msilitumie.

Halafu kamera. Kila kitu kinachojiseti chenyewe kizimeni. Mwanga wa kujiseti uzimeni, fokasi ya kujiseti izimeni, na khasa ule usawa wa rangi wa kujiseti, mana simu na kamera za siku hizi zikiona picha imeelemea kahawia zinaivuta irudi kwenye weupe, zinadhani zinakusaidia, kumbe rangi ndo khabari yenyewe tunayoitafuta. Mpeta kaijua mama kwa rangi kwanza, wewe kamera inakufutia. Na kuna hili lilitupotezea wiki nzima: picha zilikuwa na mistari ya giza inapita, kama mawimbi, leo iko hapa kesho iko pale, na modeli inaita mistari ile kasoro. Umeme wetu wa Pemba, ule wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulioingia 2010, unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde kama Tanzania nzima, na taa rahisi za LED zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera ikipiga kwa kasi kubwa inaona. Dawa yake mbili, ama shata, ule muda kamera inaofungua jicho lake, uiweke kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, ama taa uziwashe kwa betri. Sisi tumetia betri, na faida ya pili umeme ukikatika kazi haisimami.

Nije kwenye pikseli, vile vinukta vinavyoifanya picha, hili fupi lakini lishikeni vizuri. Sinia letu lina upana wa sentimita 40 na kamera inatoa pikseli 4,000 kwa upana, maana yake milimita moja ni pikseli 10, karafuu ya milimita 15 inakuwa pikseli 150, uzuri mtupu, doa la ukungu la milimita moja unaliona. Sasa programu nyingi hizi ukizichukua zilivyo, kimya kimya bila ya kukwambia, zinaipunguza picha yako iwe pikseli 256 kwa 256 kabla ya kuipa modeli. Hesabuni. Sentimita 40 kwenye pikseli 256, pikseli moja imebeba milimita moja na nusu, ile karafuu nzima imebaki pikseli 10 na doa la ukungu limekwisha, halipo, hata modeli ya malaika haiwezi kuliona. Mtu analalamika modeli mbovu na kasoro haijawahi hata kuingia ndani. Dawa ni kuikata picha kubwa vipande, kila kipande kipite peke yake kwa ukubwa wake, kazi inakwenda taratibu zaidi lakini sisi karafuu zetu hazikimbii.

Na setingi nyengine ya kuitazama ni ile ya kuzibadilisha picha wakati wa kufundisha, programu inageuza picha, inazungusha, inachezea rangi, ili modeli izoee mambo mengi. Kugeuza na kuzungusha yaacheni yaendelee, karafuu inalala upande wowote. Kuchezea rangi zimeni. Ukiibadilishia rangi unaifundisha kwamba rangi haina maana, halafu unaiuliza khabari ya mpeta.

Haya. Sasa nafika pale nnapopapenda, lebo, yaani nani anasema hii mbovu.

Mimi nlidhani hili limekwisha kabla halijaanza. Tuko Pemba. Tangu kimbunga cha 1872 kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja, kisiwa hichi ndo kimebeba karafuu, mikono inayoijua iko hapa. Nkawachukua mama wawili, wachambuzi wa miaka na miaka, mmoja wao mama yangu mzazi, nkawapa sinia zile zile, kila mmoja peke yake chumbani, nkawaambia nioneshee mbovu. Wote wanachagua kwa haraka, hawana wasiwasi hata kidogo, na hawakukubaliana. Si kwenye ukungu, ukungu wote waliuona. Kwenye zile za kati kati, zilizopauka kidogo, zilizokunjamana upande mmoja, mmoja anaita mpeta mmoja anaita nzuri ilokosa jua.

Nkawakalisha pamoja, nkatia chai, nkawaomba waelezane. Walizungumza mpaka alasiri na nlijifunza siku ile kuliko kozi zote nlizosoma. Mama kasema yeye anaitazama rangi, lakini ikimtia shaka anaivunja, nzuri inavunjika kwa sauti, mbovu inajikunja tu. Yule mwenzake anainusa, anaiminya kwa ukucha aone mafuta. Mkaona tatizo? Kamera haivunji, hainusi, haiminyi. Nusu ya elimu yao iko kwenye vidole na pua, na picha imechukua macho peke yake. Kwa hiyo tukaandika, kwa kalamu, kwenye daftari, maana ya mpeta kwa jicho tu: imepauka zaidi ya nusu ya mwili, au ina unga mweupe, au imekunjamana pande zote. Na tukaandika aina ya tatu, ambayo sikuwa nayo kichwani kabisa, "ishikwe mkononi", yaani macho hayatoshi, mtu aivunje. Unyevu pia, msije mkamdanganya mkulima kwamba kamera ya kawaida inapima unyevu ndani ya karafuu, haipimi.

Bila ya daftari lile modeli ingejifunza ugomvi wa watu wawili. Ingefundishwa Jumatatu hii mbovu, Jumanne hii hii nzuri, na kosa tungelitafuta kwenye kompyuta.

Nikupeni na mkasa mmoja wa picha zetu za mwanzo. Kabla ya ile PatchCore nlijaribu njia ya kwanza, ya nzuri na mbovu zenye majina, na matokeo yalikuwa makubwa mno, karibu haikosei, usiku ule nlimwamsha mke wangu kumwonesha. Asubuhi tukaipeleka kwenye karafuu mpya ikawa inabahatisha. Tukafungua ile ramani ya joto, picha inayokuonesha modeli ilitazama wapi ilipoamua, na ikawa haitazami karafuu hata moja, inatazama buluu ya sinia. Kwa nini? Mama wale walipokuwa wakizitenga mbovu zilikuwa chache, kwa hiyo sinia la mbovu lilikuwa na nafasi nyingi tupu, na sinia la nzuri limejaa. Modeli ikajifunza kuhesabu nafasi tupu. Wala haikukosea, tuliiuliza swali tusilolijua na ikatujibu. Tangu hapo tunazichanganya, mbovu ndani ya nzuri, kiasi kile kile cha karafuu kila sinia, na tunachora duara kwenye ile mbovu yenyewe.

Na jengine la hapo hapo, picha za kufundishia na picha za mtihani msizigawe kwa bahati nasibu. Picha mbili za jamvi moja la siku moja ni ndugu wa tumbo moja, ukimpa mmoja darasani na mwengine kwenye mtihani ushaiibia modeli majibu. Gaweni kwa mashamba. Shamba hili lote la kufundishia, shamba lile lote la mtihani, ndo mtajua karafuu ya jirani itasomeka ama haisomeki.

Sasa kizingiti. Ndugu zangu nnaomba masikio, hili ndo lilonileta.

Modeli haisemi nzuri wala mbovu. Inatoa alama, tuseme 0 mpaka 1, na mtu ndo anaweka mstari, juu ya hapa ni mbovu. Mstari huo tunauita kizingiti, na programu inakuja na wake imejichagulia. Watu wanauacha ulivyo. Chukueni mfano wa hesabu tu: karafuu 1,000, ndani yake za mpeta 20. Modeli ya uvivu inayosema zote nzuri ishapata asilimia 98 ya usahihi, kwa hiyo mtu akikwambia modeli yangu ina asilimia 98 muulize mbovu ngapi kazikamata. Sasa tuna modeli nzuri, inakamata 18 katika zile 20, na katika 980 nzuri inakosea asilimia 3 tu. Asilimia 3 inasikika ndogo, sivyo? Ni karafuu 29. Kwa hiyo kwenye rundo la zilizotupwa kuna karafuu 47, na 29 ni nzuri, zaidi ya nusu. Mkulima anatazama rundo lile anaona jasho lake.

Ukiupandisha mstari, nzuri zinapona na mpeta zinapita kwenda guniani. Ukiushusha, mpeta zote zinakamatwa na nzuri nyingi zinakwenda nazo. Hakuna mahali pa kuuweka ambapo hakuna anayepoteza, mpaka modeli yenyewe iwe bora zaidi. Kwa hiyo kuuweka mstari ni kuamua nani apoteze, mkulima ama mnunuzi, na kiasi gani. Hili fundi hana haki ya kuliamua peke yake chumbani na laptop yake, na mimi nliliamua peke yangu mara ya kwanza, nkaweka mstari uliokamata mpeta zote kwa sababu ulipendeza kwenye ripoti. Mzee mmoja wa kikundi chetu kaja na kiganja cha karafuu zilizotupwa, kazimwaga mezani kwangu, kaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizi nani kakwambia mbovu?" Sikuwa na jibu. Zilikuwa nzuri.

Sasa tuna mistari miwili badala ya mmoja. Chini ya wa kwanza, inapita. Juu ya wa pili, inatoka. Kati kati hapo, taa ya manjano inawaka na mama anaishika, anaivunja, anaamua, ile ile "ishikwe mkononi" ya kwenye daftari. Na kila anachoamua kinarudi kwenye seti ya picha, kwa hiyo ile nafasi ya kati inapungua kidogo kidogo. Kazi ya mama haikuondoka, imehamia pale penye shaka, hapitishi tena siku nzima akitazama zile ambazo hata mtoto wa skuli angezijua.

Mambo mawili ya haraka. Kila asubuhi kabla ya kazi pitisheni sinia moja mnalolijua, nzuri kadhaa na mbovu kadhaa zilohesabiwa, kama vile mnavyojaribu mizani kwa jiwe. Alama zikihama, kuna kitu kimebadilika, vumbi kwenye lenzi, taa moja imekufa, au msimu wenyewe, karafuu zilizoanikwa wakati wa mvua hazina rangi moja na za jua kali. Na picha zenu na lebo zenu ziwekeni kwenu. Amazon walikuwa na huduma yao ya kazi hii hii, Lookout for Vision, ilikuwa nyepesi kweli, picha 30 tu unaanza, na wameifunga tarehe 31 Oktoba 2025. Aliyekuwa na picha zake na daftari lake anahamia pengine wiki ile ile. Aliyeacha kila kitu huko anaanza kuwatafuta mama upya.

Boksi letu lipo hapo nje chini ya mwembe, limewashwa. Alokuja na karafuu amwage kiganja kimoja kwenye sinia, atandaze zisipandane, atazame alama. Ile mistari miwili kwenye programu nimeiacha wazi makusudi, sijaandika namba, kikao cha kuiandika ni Jumamosi baada ya laasiri hapa hapa na nnataka wakulima wawe wengi kuliko mafundi. Na nnahitaji mama watatu wachambuzi ambao hawajapata kuziona picha zetu, wawe wa Micheweni, Wete, Mkoani, popote, waje walifungue daftari lile la mpeta wanambie wapi tumekosea. Chai ipo.